Alama na Msomaji Wake

Mbao inayotoka Mafinga huwa imeandikwa. Mgeni hawezi kuliona jambo hilo mara moja, kwa sababu macho yake hushughulika kwanza na wingi: mbao kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mbao nyuma ya nyumba, mbao juu ya malori yanayosubiri kuanza safari ya Iringa na Dar es Salaam. Wilaya yetu ya Mufindi ndiyo yenye Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali ya Tanzania, ambalo miti yake ya kwanza ya majaribio ilipandwa mwaka 1939. Mahali penye miti mingi kiasi hicho, mbao huwa kitu cha kawaida kama vumbi. Lakini mtu akisogea karibu na rundo, akainama na kutazama vichwa vya mbao, ataona maandishi. Kuna rangi nyekundu au ya bluu iliyopakwa na mwenye mali. Kuna chaki ya mpimaji. Kuna alama iliyogongwa kwa nyundo ya misitu, inayosema kwamba zao hili limetoka mahali halali na ushuru wake umelipwa.

Hakuna hata moja kati ya alama hizo iliyoota pamoja na mti. Rangi nyekundu haiongezi urefu wa ubao, wala nyundo haiufanyi uwe mgumu zaidi. Ukizifuta zote, ubao ni uleule. Alama ni maneno tu, na maneno hayo hayaambiwi ubao. Anaambiwa mtu atakayeupokea baadaye. Chaki humwambia mpakiaji, rangi humwambia mnunuzi, nyundo humwambia ofisa wa kizuizi cha maliasili barabarani. Kila alama ina msomaji wake, na thamani yake yote imo mikononi mwa msomaji huyo.

Nimeanza na mbao kwa sababu kazi yangu mimi si ya mbao, bali ni ya programu za kompyuta, na ndani ya kazi hiyo mna alama za namna hiyohiyo. Wenye ujuzi huziita sifa. Ninataka kusema neno moja juu ya sifa hizo na juu ya wajibu wa anayezisoma, maana niliona kwa macho yangu jinsi alama moja isiyosomwa ilivyokaribia kumvunjia mtu heshima yake.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kuandika programu, nieleze kwanza mambo mawili matatu. Kompyuta haielewi Kiswahili, wala haielewi Kiingereza. Inaelewa amri za namba tu. Mtu huandika programu kwa lugha anayoweza kuisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huyageuza maandishi hayo kuwa amri za mashine. Kompaila ina sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma. Ya mbele husoma alichoandika mtu, hukichanganua, hukagua kama kina maana, na kukiweka katika mpangilio unaoeleweka. Ya nyuma huuchukua mpangilio huo na kutoa amri. Huwa nawaambia vijana kwamba ya mbele ni karani anayepokea barua mlangoni, na ya nyuma ni fundi aliye karakana. Fundi haoni barua kamwe. Huona tu kile alichoandikiwa na karani.

Sehemu kubwa ya msimbo chanzo hueleza kazi ya kufanywa: jumlisha hiki, linganisha na kile, rudia mara kumi. Sifa hazielezi kazi. Zinasema kazi au kitu fulani kishughulikiwe vipi. Mwandishi anaweza kuweka juu ya kipande cha programu sifa isemayo kwamba kipande hiki kimepitwa na wakati, na anayekitumia aonywe. Anaweza kusema kwamba jibu la kipande hiki lisitupwe bila kutazamwa. Katika lugha ya Java sifa za namna hii ziliingia mwaka 2004, zikitanguliwa na alama ya @. Katika C++ ziliwekwa rasmi mwaka 2011 ndani ya mabano mawili ya mraba, na C yenyewe ikazipokea kwa mtindo huohuo katika kiwango chake kilichotolewa mwaka 2024. Kabla ya hapo kila kompaila ilikuwa na namna yake ya kuziandika.

Nitoe mfano mmoja ulio karibu na rundo la mbao. Chukua kifurushi cha data chenye herufi moja na namba kamili moja. Herufi hushika baiti 1, namba hushika baiti 4. Mtu atadhani jumla ni 5, lakini kwenye kompyuta nyingi za kawaida jumla huwa 8, kwa sababu kompaila huacha nafasi ya baiti 3 ili namba ianzie mahali ambapo mashine huisoma kwa wepesi. Ni kama mbao mbichi zinavyopangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Sasa ipo sifa katika kompaila ya GCC isemayo kwamba kifurushi kipangwe bila vijiti. Ukiiweka, jumla inakuwa 5. Hapo neno dogo lililoandikwa pembeni limebadili ukubwa wa kitu chenyewe. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya kigeni yasiyo na mizizi kwetu. La hasha. Kila aliyesoma sekondari nchini Tanzania amewahi kushughulikia sifa bila kuziita hivyo. Alipofundishwa kuchanganua sentensi kwa njia ya matawi, alichora juu neno sentensi, chini yake kikundi nomino na kikundi tenzi, kisha akateremka hadi neno mojamoja. Chukua sentensi hii: Magogo marefu yamepakiwa. Neno magogo lina ngeli yake. Ngeli hiyo hupanda kutoka kwenye nomino hadi kwenye kikundi nomino, hufika juu kwenye sentensi, kisha hushuka upande wa pili hadi kwenye kitenzi, nacho kitenzi kinalazimika kuanza na ya-. Njiani kivumishi nacho kimeipata sehemu yake, kikawa marefu. Ngeli haimo katika kile kinachotendeka. Ni sifa iliyobandikwa kwenye nomino, nayo huwaambia wengine jinsi ya kukaa pamoja nayo.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Donald Knuth, alichapisha makala iliyozipa kanuni sifa za jinsi hii kwa ajili ya lugha za kompyuta. Alizigawa katika makundi mawili: zinazopanda mti kutoka kwa watoto kwenda kwa mzazi, na zinazoshuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto. Mfano wake ulikuwa namba ya mfumo wa mbili, 1101.01, ambayo ni sawa na 13.25 katika hesabu yetu ya kawaida. Tarakimu 1 peke yake haijui thamani yake mpaka iambiwe imesimama wapi, na habari hiyo hutoka juu. Ikishaambiwa, thamani yake hupanda na kujumlishwa. Mtu aliyekwisha kuhangaika na upatanisho wa kisarufi darasani ataisoma makala hiyo bila kushangaa sana.

Kiswahili kina ugumu ambao namba hazina. Neno kiongozi lina umbo la kitabu na kiti, lakini husemi kiongozi kimefika. Unasema amefika, kwa sababu uhai wake umeushinda umbo wake. Neno rafiki linaleta ugumu zaidi: tunasema rafiki yangu amefika, ambapo yangu imefuata umbo na amefika imefuata uhai, katika sentensi moja yenye maneno matatu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza mwaka 1985 kazi ya kuifundisha kompyuta kuchanganua Kiswahili, alilazimika kuyaandika mambo kama hayo yote waziwazi, kwa kuwa kompyuta haikulelewa na bibi yeyote.

Na nini hutokea Mswahili anapokutana na neno ambalo hajawahi kulisikia? Halitupi. Neno la Kiarabu lilipofika pwani likiwa na sauti ya ki- mwanzoni, wenyeji walilipokea na kulipa wingi wake, tukapata kitabu na vitabu. Kompyuta ilipokuja, tukasema kompyuta hii, kompyuta hizi. Na msikilizaji asipoelewa kabisa, huuliza: umesemaje? Kuuliza si ujinga. Katika mazungumzo ya watu, neno lisiloeleweka halipotei kimyakimya.

Sasa nieleze yaliyotokea. Januari 2019, mvua zikiwa zimekolea, niliitwa katika kiwanda kimoja cha mbao ambacho sitakitaja. Kiwanda hicho kilikuwa na programu ya kukokotoa malipo ya vibarua, iliyotengenezwa na kijana ambaye alikwisha kuhamia Dar es Salaam. Alikuwa kijana hodari. Badala ya kuzifungia kanuni za malipo ndani ya programu, alibuni lugha ndogo ya Kiswahili ambayo karani angeweza kuandikia kanuni mwenyewe katika faili la maandishi, na kompaila ndogo ikazigeuza kuwa hesabu. Juu ya kila kanuni karani aliweza kuweka sifa zilizoanza na alama ya @. Kulikuwa na @kuanzia, iliyotaja tarehe ya kanuni kuanza kutumika. Kulikuwa na @usiku. Kulikuwa na @mvua, iliyoongeza robo ya malipo kwa siku ambazo msimamizi ameandika kwenye daftari kwamba upakiaji umefanyika mvuani.

Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye mwandiko mzuri na kumbukumbu nzuri zaidi. Mwezi Novemba kiliundwa kikosi cha pili cha wapakiaji, watu 11, naye akakiandikia kanuni yake. Juu ya kanuni hiyo hakuandika @mvua. Aliandika @masika. Hakuna mtu wa Mufindi ambaye angeshangaa, maana mvua zetu zinazoanza Novemba na kuishia Aprili ndizo tunazoziita masika. Kompaila ilisoma faili, ikaandika kwenye skrini neno moja: Tayari.

Wiki zikapita. Watu 11 walipakia magogo katika matope na manyunyu, wakalipwa kama watu waliopakia juani. Walipolinganisha bahasha zao na za kikosi cha kwanza, wakanung'unika. Mnung'uniko ukafika ofisini, na ofisini ikasemwa kwamba fedha za mvua zimeliwa na karani. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila ushahidi wa kwamba mashine haidanganyi.

"Shikamoo, mama," nilimwambia nilipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Wamekuambia mimi ni mwizi?"

"Wameniambia hesabu hazilingani. Nimekuja kuikagua programu, sikuja kukukagua wewe."

"Basi ikague vizuri. Mimi niliandika. Njoo uone mwenyewe kwamba niliandika."

Akanifungulia faili. Naam, aliandika. Sifa ilikuwa pale juu ya kanuni, imekaa mahali pake, haina kosa la herufi hata moja. Nikaingia katika sehemu ya mbele ya kompaila, mahali zinaposhughulikiwa sifa, nikakuta mistari michache tu. Ilisema hivi: soma jina lililo baada ya @, kama jina limo katika orodha, libandike kwenye kanuni inayofuata, kama halimo, endelea na mstari ufuatao. Basi. Hapakuwa na onyo, hapakuwa na swali, hapakuwa hata na kumbukumbu kwamba kuna kitu kimerukwa. Nikamwonyesha karani, nikamfafanulia.

"Kumbe haikunielewa?" akauliza.

"Haikukuelewa, mama."

"Sasa mbona iliniambia tayari? Mtoto ukimtuma dukani akasahau alichotumwa, atarudi njiani kukuuliza. Hii imekwenda ikarudi mikono mitupu, halafu inaniambia tayari."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sijasikia mtu yeyote akilieleza tatizo hili vizuri kuliko alivyolieleza yeye.

Tulichukua daftari la msimamizi, tukahesabu siku za mvua kwa mkono, na meneja akakubali kulipa tofauti. Jambo nililolisisitiza zaidi ni kwamba maelezo yatolewe hadharani, mbele ya vikosi vyote viwili, kwa sababu tuhuma ilisemwa hadharani. Yalitolewa. Wapakiaji walipokea fedha zao, na karani akabaki na jina lake. Fedha ilikuwa kidogo. Jina halikuwa kidogo.

Jioni ile nilimpigia simu yule kijana. Nilidhani angesema kwamba alisahau. Hakusema hivyo.

"Kaka, nilifanya makusudi," alisema. "Nilijua kuna matawi mawili ya kiwanda. Tawi moja likipata toleo jipya lenye sifa mpya, na tawi jingine lina toleo la zamani, nikikataa sifa nisizozijua, tawi la zamani litakwama siku ya malipo. Nikaona heri ziachwe tu."

Hiyo si hoja ya mjinga, na ni haki kuieleza kikamilifu, kwa kuwa mabingwa wakubwa wameifuata. Kiwango cha C++ cha mwaka 2017 kinasema kwamba kompaila inapokutana na sifa isiyoijua, iipuuze. Sababu ni ileile ya kijana wetu: programu moja husomwa na kompaila nyingi, za zamani na za mpya, na haifai programu nzuri ikwame kwa ajili ya neno lililoandikiwa msomaji mwingine. Lugha nyingine zilichagua njia tofauti. Lugha ya Ada huiagiza kompaila itoe onyo inapokutana na agizo la pembeni isilolitambua. Java na Rust hukataa kabisa: sifa usiyoitambulisha ni kosa, na programu haiendelei. GCC, katika toleo lake la 1.17 la miaka ya 1980, ilifanya mzaha: ilipokuta maagizo fulani ya namna hiyo iliacha kazi na kujaribu kufungua mchezo wa kompyuta. Watu walicheka, lakini hata mzaha ule ulikuwa bora kuliko kimya, maana aliyeona mchezo ukifunguka alijua kwamba agizo lake halikufuatwa.

Hoja ya kupuuza ina sharti lililofichika ndani yake. Inadhani kwamba sifa ni ushauri tu; kwamba ukiiondoa, programu itabaki na maana ileile, ila labda itakosa onyo moja au wepesi kidogo. Sharti hilo likitimia, hoja ni njema. Chaki ya mpimaji ikifutika, ubao bado ni ubao. Lakini mfano wa kifurushi kilichopangwa bila vijiti umekwisha kutuonyesha kwamba si kila sifa ni ushauri. Mwaka 2020 C++ ilipokea sifa nyingine ya aina hiyo, inayoruhusu kitu kitupu kisichukue nafasi yake peke yake ndani ya kitu kingine. Kompaila ya Microsoft, kwa kuogopa kuharibu ulinganifu na programu zilizokwisha kutengenezwa, huiacha sifa hiyo bila kuitekeleza, na imeweka nyingine yenye jina lake yenyewe kwa anayeihitaji. Matokeo yake, msimbo mmoja, ulioandikwa kwa kufuata kiwango kimoja, unaweza kutoa vitu vya ukubwa tofauti kwa kompaila mbili. Robo ya malipo ya mvua ni sifa ya jamii hiyo. Ukiiondoa, kanuni haibaki ileile. Mtu analipwa pungufu.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo sehemu ya mbele inapaswa kuwa na jibu lake ni hili: sifa hii ni ushauri au ni sharti? Na swali la pili ni: inamhusu nani? Hapa nakumbuka ofisa wa kizuizi. Lori likisimama, haulizi maana ya rangi nyekundu vichwani mwa mbao. Hiyo ni baina ya muuzaji na mnunuzi, naye huipita kwa amani. Lakini akikuta alama ya nyundo asiyoitambua, hasemi kwamba labda ni ya ofisi nyingine, nenda salama. Lori linasimama mpaka ijulikane. Kimya chake juu ya rangi ni adabu. Kimya juu ya nyundo kingekuwa kuivunja kazi yake. Yote mawili ni alama asizozijua. Tofauti ni kwamba moja imeandikwa kwa lugha ya ofisi yake.

Tofauti hii inaweza kuandikwa katika lugha ya kompyuta. Tangu mwaka 2011 sifa ya C++ inaweza kutanguliwa na jina la mwenyewe: hii ni ya GCC, hii ni ya Clang, hii ni ya Microsoft. Kompaila ikikuta sifa yenye jina la mwingine, inaweza kuipita bila lawama. Ikikuta yenye jina lake nayo haiijui, basi ama mwandishi amekosea herufi, ama kompaila ni ya zamani, na kwa vyovyote kuna mtu anayepaswa kuambiwa. Tena siku hizi katika C na C++ mwandishi anaweza kuiuliza kompaila kabla: unaijua sifa hii? Ikijibu hapana, anaandika njia nyingine. Hiyo ndiyo dawa halisi ya tatizo la matoleo ya zamani na mapya ambalo kijana wetu alikuwa akilihofia, na haihitaji mtu yeyote kunyamaza.

Nilipoitengeneza upya sehemu ile ya kompaila ndogo, niliiga kitu kimoja kutoka Clang, kompaila iliyowekwa wazi kwa umma mwaka 2007. Wao wana daftari moja ambamo kila sifa huandikishwa: tahajia zake, vitu inavyoruhusiwa kuwekwa juu yake, maelezo inayoyabeba, na maana yake kwa maneno ya kawaida. Sehemu kubwa ya ukaguzi hutokana na daftari hilo. Mtu akiweka juu ya namba sifa isemayo kwamba fanksheni hii hairudi, daftari linajua kwamba namba haiendi wala hairudi, na mwandishi anaambiwa. Nami nikafungua daftari la sifa za malipo, kila moja na mstari wake, nikaongeza safu moja: sharti au ushauri. Sifa isiyoandikishwa ikionekana, kompaila husimama na kusema iko mstari wa ngapi, kisha hutaja sifa zote inazozijua. Sifa iliyoachwa mwisho wa faili bila kanuni chini yake nayo husimamisha kazi, kwa sababu alama isiyo juu ya kitu haina kinachosifiwa.

Kwa ombi la karani, masika iliandikishwa kuwa tahajia ya pili ya mvua. Nilikubali mara moja. Lugha ndogo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Mufindi inapaswa kujua wanavyoziita mvua zao.

Wapo watakaosema kwamba kompaila inayosimama kila mara ni kero. Ni kweli, na ndiyo maana njia ya katikati, yaani kutoa onyo na kuendelea, inapendwa na wengi. Sina ugomvi nayo kwa sifa za ushauri. Lakini maonyo yana ugonjwa wake: yakizidi hufanana na matangazo ya zamani kwenye ubao wa ofisi, ambayo kila mtu hupita mbele yake na hakuna anayeyasoma. Panapokuwa na posho ya mtu, au ukubwa wa kitu ambacho programu nyingine inakitegemea, onyo ni njia ya heshima ya kunyamaza.

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Katika kompaila jambo hilo lina sababu ya kiufundi. Baada ya sehemu ya mbele kumaliza kazi yake, maandishi ya mtu hayapo tena. Kuna mti, kisha kuna amri, kisha kuna namba. Sehemu za baadaye zinaweza kukagua mengi: kama hesabu inafika mwisho, kama kumbukumbu inatosha, kama amri zinaweza kupangwa vizuri zaidi. Lakini hakuna hata moja kati yao inayoweza kugundua kwamba palikuwa na neno ambalo halikubebwa, kwa sababu kwao neno hilo halikuwahi kusemwa. Mkaguzi wa hesabu naye hawezi, wala meneja, wala mpakiaji mwenye bahasha mkononi. Msomaji wa kwanza ndiye shahidi pekee. Asiposema, mashtaka yote yatamrudia aliyeandika.

Ndiyo sababu ninapomfundisha kijana kutengeneza kompaila, hata iwe ndogo ya siku mbili, simwachi aandike tawi la "kama halimo" likiwa tupu. Namwambia aweke hapo sentensi kamili ya Kiswahili, yenye namba ya mstari na jina la kilichoandikwa, kama vile anamwandikia mtu anayemheshimu. Wengi huona ni kupoteza muda. Huwaacha wanung'unike, kisha huwataka waandike.